Mama akisimama anaona giza: mpimeni presha amelala, kisha amesimama

Mkuu uliyeuliza, pole sana wewe na mama. Umeandika kwamba ana sukari mwaka wa 14 sasa, akiinuka kitandani anaona giza, ameshaanguka mara mbili, akila jasho linamtiririka usoni hata kukiwa na baridi, na majirani wameanza kusema katupiwa jini. Nimemuuguza baba yangu miaka sita akiwa na mambo hayo hayo.

Kiini chake ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Kuna neva tunazoziamrisha, kama za kunyanyua mkono. Nyingine zinajiendesha zenyewe usiku na mchana: moyo, mishipa ya damu, tumbo, kibofu, jasho, mate, hata mboni ya jicho, vyote viko chini yake. Zina pande mbili. Simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia kifuani hadi kiunoni. Ndiyo inayoamka mbwa akikukurupusha: moyo mbio, jasho, mboni zinapanuka, tumbo linasitisha kazi. Parasimpathetiki hutoka juu kwenye shina la ubongo na chini kabisa mwishoni mwa uti wa mgongo. Hii hutuliza moyo, husukuma usagaji wa chakula, hukamua kibofu mtu akienda haja ndogo. Neva yake kubwa inaitwa vagasi, ya 10 kati ya zile zinazotoka kichwani, na inashuka shingoni mpaka tumboni.

Sasa mama. Mtu yeyote akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na juu ya moyo kuna vihisio vinavyogundua presha inashuka, vinapeleka habari kwenye shina la ubongo, na papo hapo simpathetiki inabana mishipa na kuongeza mapigo. Wewe hujui kama kuna lililotokea. Sukari ikikaa juu miaka mingi huziharibu neva hizi kama inavyoharibu zile za miguu. Damu inashuka, na hakuna wa kuirudisha.

Baba alianguka mlangoni alfajiri akienda kuchukua udhu, birika likabingirika hadi uani. Zahanati tuliyokuwa tunakwenda walimpima kila mara akiwa amekaa, presha ikaonekana juu, wakamwongezea dawa. Akazidi kuanguka. Niliumia sana nilipokuja kuelewa.

Muuguzi mmoja mahali pengine ndiye aliyemlaza dakika tano, akapima: 148/86, mapigo 96. Akamsimamisha, dakika ya tatu ikasoma 108/66, mapigo 98. Ikishuka 20 kwa namba ya juu au 10 kwa ya chini ndani ya dakika tatu, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Akaniambia tazama na mapigo: presha imeporomoka 40, moyo umeongeza mawili tu. Moyo haukupata taarifa. Kisha akamvua baba soksi, akapitisha kidole kwenye nyayo. Kavu, zimepasuka, wakati fulana ilikuwa imelowa kifuani. Jasho la mama wakati wa kula linaweza kuwa la ukoo huo huo.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni sukari kushuka. Kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kengele ya simpathetiki. Neva zikishaharibika, kengele hailii. Baba aliwahi kukaa sebuleni akinisimulia habari za shamba kwa utulivu kabisa, nikampima kwa mazoea tu, mashine ya sukari ikasoma 2.9, iko chini sana. Kwa hiyo kama mama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mpimeni kabla ya kulala, msisubiri ajisikie vibaya. Na akichoka ghafla au kubanwa pumzi, kimbizeni hospitali, kwani hata shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu ya kifua.

Baba tulimzoesha kukaa ukingoni mwa kitanda, kukaza misuli ya miguu, kunywa glasi mbili za maji, ndipo asimame huku ameshika kitu. Usiku tuliweka beseni chumbani asitembee gizani. Chakula kidogo kidogo, maana mlo mkubwa ulimshusha presha pia. Dawa zake zilipunguzwa na daktari, si sisi. Msiache hata kidonge kimoja wenyewe.

Mkimpima, andika hapa namba zote nne pamoja na mapigo, na majina ya dawa anazotumia. Nipo usiku huu.