Naruhusiwa kumtafsiria mama karatasi ya kura?

Swali: Mama yangu amepata uraia wa Marekani na anataka kupiga kura Novemba. Kiingereza hasomi, na macho nayo yamepungua nguvu. Mimi naishi jimbo jingine. Ameambiwa msaidizi lazima awe ameandikishwa katika kaunti yake. Ni kweli? Na mbona karatasi za Kiswahili hakuna?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Ingia naye. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa asiyeona, mwenye ulemavu au asiyeweza kusoma haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe. Kinawakataza tu mwajiri wake na chama chake cha wafanyakazi, pamoja na mawakala wao. Mwaka 2014 huko Texas, kijana alizuiwa kumtafsiria mama yake kwa kuwa aliandikishwa kaunti ya jirani. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba sharti lile linapingana na kifungu hiki.

Kuhusu Kiswahili, kifungu cha 203 cha mwaka 1975 kinazibana kaunti zenye wasemaji wa kutosha, lakini kwa Kihispania, lugha za Waasia na za wenyeji asilia wa Marekani na Alaska tu. Lugha za Afrika hazimo, hata wasemaji wajae vipi. Jambo hili linaniuma kila mwaka wa uchaguzi.

Kwa macho, sheria ya 2002 inataka kila kituo cha uchaguzi wa shirikisho kiwe na walau mashine moja ya kumfaa mwenye ulemavu, kwa kawaida yenye herufi za kukuzwa na visikizio. Ila sauti ile haitamsomea Kiswahili. Mashine itasaidia macho. Lugha ni kazi yako.

Tafuteni karatasi ya mfano mapema, mkae nayo nyumbani. Maswali ya majaji ndiyo huwatatiza wengi: katika majimbo kadhaa huulizwa tu iwapo jaji fulani abaki kazini. Mama atauliza, "Mpinzani wake nani?" Hakuna. Ndiyo, anabaki, hapana, anaondoka. Mwandikie hayo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, maana kuna majimbo yanayokataza simu kituoni.

Huenda ukatakiwa kutia sahihi kiapo cha msaidizi. Kisha mtafsirie neno kwa neno. Akikuuliza, "Wewe ungempa nani?", msomee majina upya, taratibu.