Jibu: Bangili ya shaba njano kupasuka

Mkuu, umeuliza kwa nini bangili ya shaba njano inapasuka ukifika nusu ya kuikunja, na kama ununue waya mwingine. Usinunue. Shaba ikigongwa na kukunjwa sana inakakamaa, inabidi uirudishe motoni ilainike.

Mimi hapa Unga Limited, Arusha, natumia jiko la mkaa, tena jioni, maana juani huioni rangi. Ikianza wekundu hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika, toa. Ukiona moshi mweupe, ujue umepitiliza moto: zinki, madini yaliyochanganywa kwenye shaba njano, inaungua. Usiuvute, utalala na homa. Kuitumbukiza majini hakuna shida, haikakamai kama chuma cha patasi. Weusi unatoka kwa ndimu. Ila vipande vya koki kuukuu vina madini ya risasi, viache vipoe vyenyewe, vikigongwa vya moto vinavunjika kama biskuti.

Halafu usihifadhi kazi karibu na zizi. Waingereza kule India maganda yao ya shaba njano ya risasi za bunduki yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, yakiwa yamewekwa kwenye mabanda ya farasi. Mwaka 1921 ndipo ikaelezwa: amonia, ile hewa kali ya mkojo, inaishambulia shaba njano iliyokakamaa bila kulainishwa motoni.