Ukitaka kucheza ujasusi na wanao Kigoma, anza na boti ambayo haikurudi

Mwezi wa tano kaka yangu anayefanya kazi Berlin alitutumia video. Wanawe walikuwa ndani ya Deutsches Spionagemuseum, makumbusho ya ujasusi yaliyofunguliwa mwaka 2015, wakipita kwenye chumba cha giza kilichokatizwa na miali ya leza. Wanainama, wanatambaa, wanajipinda ili wasiguse mwali hata mmoja. Wanangu watatu waliirudia video ile mpaka bando langu likakata. Kitinda mimba, ana miaka saba, akaniuliza: "Mama, sisi tunaenda lini?"

Berlin hatukuwa na uwezo wa kwenda. Ila swali lake lilinikaa, nikaanza kusoma jinsi sehemu kama hizo zinavyoendeshwa. Ile ya Washington, International Spy Museum, humpa kila mgeni jina la bandia na kazi ya siri tangu mwanzo, naye anatembea na kazi yake humo ndani hadi anatoka. Hapo ndipo nilipopata wazo. Leza naweza kuiiga kwa uzi mwekundu wa kufumia, nikaukatiza koridoni na kuufunga vikengele. (Nilifanya hivyo, na kwa mtoto wa miaka saba inatosha kabisa.) Kazi ya siri ndiyo ilihitaji kufikiriwa. Likizo ya Juni tukacheza siku mbili, Kigoma na Ujiji, watoto watatu, baba yao, mimi na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita bibi. Nawaandikia wazazi wenzangu wa huku mambo niliyoyaona, kwa sababu sikupata wa kuniambia kabla.

La kwanza: usitunge kisa cha majambazi wa almasi. Mji huu una kisa chake cha kweli, na watoto wengi wanakua bila kukisikia. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Kigoma ilikuwa ngome ya Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1914, na kwa reli hiyo zikaja vipande vipande sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, ikaunganishwa hapahapa na kuitwa Graf von Götzen. Ndiyo Liemba yetu. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina tulilolizoea.

Sasa, wakati Wajerumani wanatamba ziwani, Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa treni, kisha zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, hadi Lukuga, upande wa Kongo, karibu na Kalemie ya leo. Desemba 26, 1915, boti ya Kijerumani iitwayo Kingani ilitekwa huko. Kigoma hawakujua kilichoipata. Walisubiri. Februari 1916 wakatuma boti nyingine, Hedwig von Wissmann, ikaangalie, nayo ikazamishwa.

Swali nililowapa wanangu likawa hilo moja: kwa nini Kingani haikurudi? Nilimwona kifungua mimba, kijana wa miaka kumi na minne ambaye siku hizi hakuna kitu kinachomshangaza, akiweka simu chini.

Jambo la pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mpe kila mtu kipande ambacho wengine hawawezi kusonga bila yeye. Michezo mingi ya familia huharibika hapa: mkubwa anafumbua kila kitu, wadogo wanamfuata nyuma kama mkia, na bibi anaachwa nyumbani alinde sufuria. Mimi niligawa hivi. Mkubwa alipewa ujumbe wa herufi zilizosogezwa mbele mara tatu, A imekuwa D, na kuendelea. Sikumwambia siri hiyo. Alikaa nao kibarazani karibu saa nzima, kisha akasema kwa sauti, "Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu!" Alikuwa ameona kwamba mwishoni mwa kila neno zinajirudia herufi zilezile chache, akajua hizo ndizo a, e, i, o, u. Baada ya hapo ujumbe ulifunguka wenyewe. Sikuwa nimepanga ajifunze hilo kuhusu lugha yake.

Wa kati alikuwa na ramani. Kitinda mimba alikuwa "jicho": kazi yake kuhesabu madirisha ya mbele ya jengo la stesheni ya reli, na jumla yake ndiyo ilikuwa namba ya kufungulia kufuli la kisanduku. Kaka zake walijaribu kukisia wakashindwa. Akawaambia wampishe. Siku ile alitembea kifua mbele mpaka jioni.

Na bibi. Bibi alizaliwa Ujiji, na utotoni mwao walikuwa wakisema kinyume, ile lugha ya kuchukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo. Samaki anakuwa kisama. Kigoma inakuwa makigo. Ziwa linakuwa wazi, na watoto walipogundua hilo walicheka mpaka wakakaa chini. Ujumbe wa siku ya pili nikauandika kwa kinyume: "Ndane nimwembe." Walihangaika nao tangu chai ya asubuhi, wakidhani ni Kiha, wakidhani ni Kikongo. Bibi alikuwa anachambua dagaa pembeni, akasikia, akasema bila kuinua kichwa, "Nenda mwembeni." Nyumba nzima ilinyamaza. Tangu siku hiyo wajukuu wanamtazama kwa jicho jingine, na yeye anawafundisha kinyume cha kasi ambacho mimi mwenyewe sikifuati.

Wino wa siri ni ndimu. Kamua, andika kwa kijiti, acha ikauke, kisha pitisha pasi ya umeme juu ya karatasi, maandishi yatajitokeza kwa rangi ya kahawia. Usitumie mshumaa; karatasi yetu ya kwanza ilishika moto mkononi mwa mtoto. Kuna kisa cha kweli cha kusimulia hapo pia. Afisa wa Kijerumani, Job Rosenthal, aliogelea usiku kwenda kuchungulia bandari ya Lukuga akakamatwa, na kutoka kifungoni alituma Kigoma barua iliyofichwa ujumbe ulioandikwa kwa mkojo. Ulichukua miezi kugunduliwa. Watoto hawatasahau historia iliyosimuliwa hivyo, nawahakikishia.

Mwembeni ni pale kwenye makumbusho ya Livingstone, Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871. Miembe iliyopo imetokana na ule wa zamani. Nenda siku moja kabla, uongee na mwenyeji wa pale, umwachie bahasha na kumweleza watoto watasema neno gani ili wapewe. Lipa kiingilio kama mgeni yeyote, na muache awasimulie kwanza. Kijana aliyetupokea alisimulia njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kwa namna ambayo wanangu walisahau bahasha kwa muda. Usiwakatishe.

Sasa niseme lililoniumiza. Asubuhi ya siku ya pili, kabla hatujapanda daladala ya Ujiji, mwanangu wa kati alichukua darubini ya baba yake na daftari, akasimama jirani na lango moja kando ya ziwa akiandika majina ya boti zinazotia nanga. Mlinzi akamfuata, akachukua daftari, akamuuliza ametumwa na nani. Nilipofika mtoto alikuwa anatetemeka, machozi yanamtiririka, hawezi hata kutaja jina lake. Nilieleza, nikaomba radhi, tukarudishiwa daftari. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake. Sisi tuko mpakani, ng'ambo ile ni Kongo, na mtu anayeandika mienendo ya vyombo kwa siri lazima aulizwe. Kosa lilikuwa langu, na sitaki mzazi mwingine alirudie.

Kwa hiyo: bandarini, kituo cha polisi, kambi ya jeshi, msicheze, msipige picha. Stesheni tuliomba ruhusa kabla, tukahesabu madirisha tukiwa nje, bila kamera. Mwenyekiti wa mtaa nilimpitia jioni yake nikamweleza, akacheka na kutaka kujua Kingani iliishia wapi. Laiti ningempitia kabla.

Kuna jingine ambalo naliona zito zaidi. Watoto wakishapewa ujasusi wanataka kufuatilia watu. Usiruhusu kabisa. Kigoma tunaishi na watu waliokimbia Kongo na Burundi, wengine walifuatwa kweli, wakaandikwa majina kweli. Kumkuta mtoto anakuchungulia nyuma ya ukuta na daftari mkononi si mchezo kwa mtu wa namna hiyo. Na mtoto wako akimfuata mtu asiyemjua hadi kichochoroni, hujui anakokwenda. Kwetu mshukiwa alikuwa mmoja tu, baba yao, aliyevaa kofia ya rangi ya chungwa ili asichanganywe na mwingine.

Mengine ni madogo. Cheza Juni hadi Agosti, mvua hakuna. Anza saa moja asubuhi, saa sita kaeni kivulini mle. Usifiche kitu ufukweni, ziwa limepanda miaka hii na mawimbi ya mchana yatabeba bahasha zako. Vituo vinne kwa siku vinatosha; nilipanga saba, kitinda mimba akalala begani mwangu kituo cha tano.

Jibu la Kingani walilipata jioni, wote watano wakiwa wamezunguka karatasi moja juu ya mkeka: ilitekwa, ikakarabatiwa, ikapewa jina Fifi, ikageuzwa kuwinda wenzake. Wa kati akauliza, "Na wale waliokuwa Kigoma wakiisubiri, walikaa wapi wakiangalia ziwa?" Sikuwa nimeandika jibu la hilo. Tukatoka nje, tukasimama tukiangalia upande wa Kongo mpaka giza likaingia.

Likizo ya Desemba zamu ya kutunga mafumbo ni ya bibi. Ameshaniomba daftari, na ameniambia nisilifungue.