Mionzi Imeisha, Mkono Ndiyo Kwanza Umeanza

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja aliyemaliza mionzi ya titi hivi karibuni. Nanukuu kwa ruhusa yake: “Dada, kila mtu ananipongeza, nami namshukuru Mungu, lakini mkono wa upande niliopasuliwa umekuwa mzito, na ikifika jioni pete inanibana. Daktari kautazama, akasema haoni kitu. Au ni mawazo yangu tu?”

Si mawazo yako, dada. Huenda ni limfedema, uvimbe wa mkono unaokuja baada ya tiba ya saratani ya titi. Pole sana. Ujumbe wa namna hii nimeshaupokea mara nyingi, na kila nikiusoma hasira zangu za zamani zinaamka, kwa hiyo leo najibu kwa wote na kwa kirefu. Najua unachokitaka, kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi: kurudi kazini, kuvaa nguo zako, kumbeba mtoto, na usiulizwe tena “unaendeleaje?” kwa ile sauti ya msibani.

Habari za upasuaji na kemo naziruka. Aliyezipitia anazijua, na asiyezipitia hakuna maelezo yatakayomtosha. Ujue tu kwamba nilitolewa uvimbe titini pamoja na tezi nyingi za kwapani, kisha nikapangiwa mionzi ya titi, kwapa na eneo la juu ya mtulinga.

Mionzi yenyewe haiumi. Kinachouma ni kuuinua mkono juu ya kichwa na kuuacha huko bila kutikisika, wakati kwapa bado limekakamaa kwa kovu. Walinichanja nukta ndogo za wino kifuani ili mashine ilenge palepale kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wapo wanaopangiwa dozi 15 kwa wiki 3, wapo wa dozi 25 kwa wiki 5. Hilo anapanga daktari. Nalala, mashine inanizunguka, dakika chache, navaa, naondoka. Siku ya mwisho wahudumu walinipigia makofi, nikalia kwa furaha, na nyumbani wakanialikia watu.

Kwenye shangwe ile hakuna aliyeniambia kwamba mionzi haikomi siku mashine inapozimwa. Ngozi yangu ilikuwa mbaya zaidi baada ya kumaliza, si kabla. Chini ya titi na kwapani palikuwa peusi, pakachubuka, pakatoa majimaji, na hali hiyo ni ya kawaida katika wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi ya mwisho. Uchovu nao ulikaa miezi. Hapo ndipo simu zikaanza kupungua. Ndugu na marafiki walikuwa wamenisindikiza mpaka mlangoni, wakahesabu kazi imekwisha. Sisemi kwa lawama. Haya, nasema kwa lawama kidogo.

Nikarudi darasani. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mkono ninaoandikia ubaoni ndio huohuo uliokatwa tezi. Mwanzoni sikuona uvimbe wowote. Nilihisi uzito tu, kama ujumbe wa dada yetu unavyosema, na kubanwabanwa kwa ndani karibu na kiwiko. Kisha siku moja nikivua blauzi jioni nikaona mstari wa pindo la mkono umejichora kwenye ngozi, wa kulia haupo, wa kushoto upo. Nikabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mkono. Nilipokitoa, kikaacha shimo, na shimo likachukua muda kujaa. Asubuhi nikaamka mkono umepungua, nikasema yamepita. Jioni ukarudi. Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, na kuna watu wazima mpaka leo wanaona hilo ndilo la ajabu kwangu kuliko saratani.

Niliporudi kliniki, mtu aliyenipokea, jina simtaji, alinitazama usoni, mkono hakuugusa, akasema, “Mama, shukuru uko hai.” Nikashukuru. Mkono ukaendelea kuvimba. Maneno yale yalinikaa kooni kwa muda mrefu, na nikiwa mkweli bado yapo. Mtu anaweza kushukuru uhai na bado akataka mkono wake. Usimruhusu yeyote akufanye uone haya kwa kutaka vyote viwili.

Sasa tuseme kinachotokea. Mwilini kuna majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu, yenye protini, na kazi ya mishipa ya limfu ni kuyakusanya na kuyarudisha. Ya mkono yanapita kwapani. Tezi za kwapani zikitolewa njia zinapungua, na mionzi ikipigwa juu ya zilizobaki, makovu yanaziba njia zaidi. Majimaji yanabaki mkononi. Hiyo ndiyo limfedema. Kwa makadirio yanayotumika sana, inampata kama mwanamke 1 kati ya 5 waliotibiwa saratani ya titi. Aliyechukuliwa tezi chache za kupima tu hatari yake ni ndogo sana kuliko ya yule aliyesafishwa kwapa zima. Wengi huanza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, lakini inaweza kuja hata baada ya miaka mingi.

Na kuna hatua ambayo jicho halioni kitu. Madaktari wa fani hii wanaiita hatua ya 0: njia zimeshaharibika, mwenye mkono anahisi uzito, utepe wa kupimia hauonyeshi tofauti. Kwa hiyo aliyekwambia haoni kitu huenda kasema kweli kuhusu macho yake. Baadaye inakuja ile ya shimo la kidole, ambayo ukiinua mkono inashuka. Ikiachwa, tishu zinakuwa ngumu, mkono haushuki tena hata ukiuinua usiku kucha. Ndiyo maana nashikilia jambo moja tu katika makala hii yote: shughulikia mkono ungali laini.

Mtu mmoja alinipa vidonge vya kukojoza. Visikudanganye. Vinatoa maji, protini inabaki palepale ikivuta maji mengine, na baada ya siku chache uko ulipokuwa. Kama unavyo kwa ajili ya presha au moyo, endelea navyo, lakini si dawa ya limfedema.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea limfedema, na nilimpata kwa kuulizia mwenyewe, si kwa kuelekezwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua utepe kama wa fundi cherehani akapima mikono yote miwili, kiganja, kifundo, kisha kila baada ya sentimita chache mpaka juu karibu na bega, akaandika. Sikuamini nilivyofarijika kwa kuona tu namba zikiandikwa. Hatimaye mkono wangu ulikuwa na ushahidi.

Kisha tukaingia kwenye bandeji. Awamu hii ya mwanzo huchukua kama wiki 2 hadi 4. Kila kidole kinafungwa peke yake kwa kitambaa chembamba, kisha soksi ya pamba, kisha sponji, kisha bandeji zisizonyumbuka sana, tabaka juu ya tabaka, zikibana zaidi chini na kulegea kuelekea begani. Nilifundisha hivyohivyo. Chaki niliishika kwa ncha za vidole vitatu, mwandiko ukaenda mrama, na mwanafunzi mmoja akauliza kama nimepigana ngumi. Nikamwambia ndiyo, na mwenzangu yuko hali mbaya zaidi.

Kabla ya kufungwa, nilikandwa. Si kukandwa kwa nguvu. Mishipa ya limfu iko juu kabisa, chini ya ngozi, kwa hiyo mkono wa mkandaji unaivuta ngozi tu taratibu, kama unavyompapasa mtoto mchanga usitake aamke. Na huanzii kwenye uvimbe. Unaanzia shingoni na kwenye kwapa la upande usiougua, unafungua njia huko, ndipo unashuka begani, kiwiko, kiganja, ukiyaelekeza maji juu. Njia hii ilibuniwa miaka ya 1930 na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa. Anayetajwa mara nyingi ni mume peke yake, na mimi kila nikijikanda asubuhi namtaja mama kwanza.

Mkono uliposhuka nikapimiwa soksi ya mkono ya kubana. Navaa nikiamka, navua nikilala. Ipimwe na anayejua, tena mkono ukiwa umeshuka. Ikibana vibaya kifundoni, maji yanakimbilia kiganjani, na hapo utahitaji na glavu yake. Uwe nazo mbili, moja mwilini na moja ikikauka kivulini. Baada ya kama miezi 6 inalegea. Ukiona unaivaa kwa urahisi mno, imekwisha kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia, na mniwie radhi, leo nitajivuna. Niliambiwa nisibebe kitu. Mkono ule uwe wa kupumzika maisha yangu yote. Mafundisho hayo ni ya zamani, na yalishajaribiwa. Mwaka 1996 daktari wa michezo Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, alikusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawafundisha kupiga makasia kwenye mashua ndefu za mashindano. Kasia ni kazi ya mkono kuliko nyingi ninazozijua, na hakuna hata mmoja aliyeanza kuvimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani wakachapisha utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na limfedema: walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakisimamiwa na kuongezewa uzito pole kwa pole, hawakuvimba zaidi ya wasionyanyua, na dalili zao zilipungua. Misuli ikikaza na kulegea inasukuma limfu. Mkono uliolazwa juu ya mto haupati msukumo huo.

Nilianza na vichupa vya maji vya nusu lita, soksi ikiwa mkononi. Sasa nanyanyua vyuma vya kweli, na mkono wangu wa kushoto una nguvu kuliko kabla ya ugonjwa. Ndiyo, nasema hivyo mbele za watu. Siri yake ni pole kwa pole. Ukiona uzito au uvimbe umeongezeka siku ya pili, rudi nyuma hatua moja, usiache. Na wewe unayeniandikia kwamba huna muda wa mazoezi, muda wa kunisoma umeupata wapi?

Uzito wa mwili nao unachangia, unene unaongeza hatari na unaufanya uvimbe uwe mgumu kushuka. Sitalikalia hilo, mmeshaambiwa na kila mtu.

Nitakalolikalia ni ngozi. Siku moja nilijichoma kidoleni na pini ya stepla nikifunga karatasi za mtihani. Tone la damu, nikafuta, nikaendelea. Usiku nikatetemeka kwa baridi, meno yakagongana, na nilipowasha taa nikakuta wekundu umepanda kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ngozi inachoma ukiigusa. Ni maambukizi ya bakteria, na kwenye mkono wa limfedema yanasambaa haraka kwa sababu ulinzi wake umepungua. Hospitali usiku ule ule, antibayotiki, bandeji na kukandwa vikasimamishwa mpaka nipone. Kwa hiyo paka mafuta kila siku ngozi isipasuke, vaa glavu ukifanya kazi za mikono, nyama za kucha usizikate, mkwaruzo wowote safisha kwa maji na sabuni uweke dawa ya kuua vijidudu. Na ukiona wekundu, joto na homa, usingoje kupambazuke. Hilo nalisema kwa ukali kwa makusudi.

Sindano na kipimo cha presha kwenye mkono huo? Tafiti za karibuni hazikukuta kwamba vinaanzisha uvimbe. Mimi bado natoa mkono mwingine, kwa kuwa ninao.

Wewe dada uliyeandika, rudi kliniki, na useme maneno haya: “Nahisi uzito, naomba mikono yote miwili ipimwe na iandikwe.” Uvimbe mpya lazima ukaguliwe pia kama si damu iliyoganda kwenye mshipa au saratani inayorudi, hasa ukija ghafla, ukiambatana na maumivu, au kukiwa na kivimbe kipya. Ikithibitika si hayo, omba rufaa ya fiziotherapia. Daktari akikataa, omba tena kwa mwingine. Na ukishika kwapani ukahisi kamba nyembamba zinazovuta ukinyoosha mkono, zitaje. Nazo ni za kawaida baada ya upasuaji, na mazoezi ya kunyoosha huzilegeza.

Nanyi mnaotibu, najua mko mnasoma, mmoja wenu alishaniandikia kunikosoa. Pimeni mikono kabla ya upasuaji. Utepe mmoja, dakika chache, namba zikae kwenye faili, ili mwanamke akirudi kusema mkono mzito muwe na cha kulinganisha.