Pumba hazistahili tusi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: kitu gani cha jikoni kinadharauliwa bila haki? Mimi nasema pumba.

Lugha yenyewe imezionea. Mtu akisema ovyo, anaongea pumba. Anayetafuta ukweli huambiwa achambue pumba na mchele. Nadhani kosa limeanzia kwenye jina, maana neno moja limebebeshwa vitu viwili. Kuna kumvi, lile ganda gumu la mpunga linalokwaruza koo; hilo silitetei. Halafu kuna tabaka jembamba la kahawia lililoikumbatia punje yenyewe, ambalo ukilisugua kati ya vidole linabaki kama vumbi la randa. Hilo ndilo ninalolisemea.

Kwenye punje ya ngano, tabaka hilo ni kama asilimia 14 tu ya uzito, lakini humo ndimo zilimolala nyuzinyuzi nyingi, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Katika miaka ya 1890, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakipooza miguu, kisha wakasimama tena walipopewa mchele wenye pumba zake. Kilichokosekana kilikuja kuitwa vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobel. Inaniuma kila nikifikiria: watu walikuwa wakifa kwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na kinga yao imebaki kwenye kinu.

Kwa nini basi zinaondolewa? Si kwa weupe tu. Pumba za mchele zina mafuta mengi, na zikishatoka kinuni mafuta hayo huanza kuharibika upesi, zikanuka. Ndiyo maana za kuhifadhiwa hupashwa moto kwanza.

Nyumbani huchanganya pumba za ngano kwenye mkate. Mara ya kwanza donge lilikauka likapasuka pembeni, na mkate haukuumuka, kwa sababu pumba hunywa maji mno. Siku hizi naziloweka nusu saa, zinavimba kama uji mzito, ndipo natia unga na hamira. Donge nalo naliacha liumuke kwa muda mrefu, maana uchachu hupunguza fitati, kemikali iliyomo kwenye pumba, ambayo hushika chuma na zinki mwili usivipate. Anayeanza atie kijiko kimoja tu, na anywe maji ya kutosha, tumbo lizoee taratibu.