Alama zangu za SAT zimegoma kupanda, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najiandaa na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nimebakiza kama miezi miwili. Pepa la kwanza la mazoezi nilipata 1090 nikasema hapa nikikaza naenda mbali, sasa nimeshafanya mapepa yote na mengine nimeyarudia ila nazunguka palepale 1140, 1160, haivuki. Nataka angalau 1350. Nasoma kila siku mpaka usiku sana. Nakosea wapi, au ndo uwezo wangu umeishia hapo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo lililoniuma: uwezo wako haujaisha. SAT inauliza mambo yale yale kila msimu, aina za maswali zinahesabika na zinajulikana, mtu anaweza kuzijifunza moja baada ya nyingine na alama zikapanda. Ila kwa namna unavyosoma sasa hivi hazitapanda, nakwambia ukweli.

Pepa la mazoezi linakupima. Kupanda kwenye mizani kila asubuhi hakujampunguza mtu kilo, na wewe ndo unachofanya, unamaliza pepa, unaangalia maksi, unaumia, unafungua lingine. Na yale uliyoyarudia ndo yanakudanganya kabisa kwa sababu majibu mengine unayakumbuka bila kujua kama unayakumbuka.

Fanya hivi. Ukimaliza pepa usikimbilie jingine, kaa na makosa yako muda mrefu kuliko ule uliofanyia pepa lenyewe. Fungua kila swali ulilokosa, jibu sahihi usilitazame bado, lifanye upya bila saa. Ukilipata kirahisi, ujue ulikosa kwa haraka au hukusoma swali vizuri. Ukilipata kwa kuhangaika sana, mada unaijua nusu. Ukilikosa tena, mada huijui na hata ufanye mapepa mia hutaijua mpaka ukaisome. Na yale uliyobahatisha ukapata nayo yaingize humo humo, hayo ni makosa yaliyojificha.

Halafu andika kwenye daftari sababu, na usiandike "nilikosea hesabu" maana hiyo haikusaidii kitu. Chukua swali kama hili: 3x + 6 = 21, tafuta x + 2. Wanafunzi wengi wanatoa sita, wanagawanya, wanapata 5, wanachagua 5, na 5 ipo pale kwenye majibu inawasubiri. Jibu ni 7, na ukiangalia vizuri ungegawanya pande zote kwa 3 ungelipata kwa mstari mmoja tu. Kwenye daftari unaandika "nilitafuta x, wao wanataka x + 2". Ukijaza kurasa kadhaa utaanza kuona kosa lako ni lile lile linarudi limebadilisha nguo, na hapo ndo alama zako zilipo.

Mada ulizogundua huzijui nenda Khan Academy, ile tovuti ya masomo, masomo yao ya SAT ni bure. College Board wenyewe, ndo wanaotunga SAT, wana benki ya maswali, nayo bure, unachuja kwa mada na kwa ugumu. Jiwekee kwamba Jumanne jioni, kwa mfano, unafanya mistari na milinganyo tu, usichanganye. Pepa zima kwenye Bluebook, ile programu yao ya kufanyia mtihani, liwe mara moja kila wiki mbili hivi, kwa muda kamili, simu ikiwa chumba kingine.

Kingine ambacho wengi hawakielewi ni hizi moduli. Kila sehemu, ya kusoma na kuandika na ya hesabu, imegawanywa vipande viwili vinavyoitwa moduli, na jinsi ulivyofanya ya kwanza ndo inaamua ya pili itakuwa ngumu au rahisi. Ukipelekwa kwenye ile rahisi hata upate yote kuna mahali alama zinagota. Kwa hiyo kwenye moduli ya kwanza usitupe swali jepesi hata moja, lile lililokusumbua liwekee alama, endelea, urudi kabla saa haijaisha, kwa sababu ukishavuka kwenda moduli ya pili hakuna kurudi. Na usiache swali wazi kabisa, kukosea hakupunguzi maksi, hiyo adhabu iliondolewa tangu 2016.

Hesabu nayo, jifunze Desmos. Ile kalkuleta iko ndani ya mtihani, unaruhusiwa kuitumia sehemu nzima ya hesabu, na inanisikitisha kuona watoto wanaigusa siku ya mtihani ndo mara ya kwanza. Mfano, unaambiwa mstari y = 2x + k unaigusa parabola y = x² + 6x + 9 kwenye nukta moja tu, k ni ngapi? Kwa mkono unasawazisha, unapata x² + 4x + 9 − k = 0, halafu kitofautishi, ile b² − 4ac, kiwe sifuri, 16 − 4(9 − k) = 0, k = 5. Sawa kabisa. Ila kwenye Desmos unaandika zile mbili kama zilivyo, inakuuliza kama unataka kitelezi cha k, unakubali, unakisogeza taratibu mpaka mstari uiguse parabola, unaona 5. Jua njia zote mbili, ya mkono kwa sababu kuna maswali Desmos haitakuokoa, na ya Desmos kwa sababu dakika unazookoa hapo unaziweka kwenye swali gumu.

Na usiku lala mwanangu. Kusoma umesinzia hakuingii.

Swali: Mwalimu mi shida yangu ni muda kwenye kusoma na kuandika, kila mara naacha maswali kama matano sijafika.

Jibu: Kila moduli ina maswali 27 kwa dakika 32, yaani sekunde 71 hivi kila moja, ni finyu kweli. Ila hulazimiki kwenda kwa mpangilio wao. Maswali yamepangwa kwa aina na mpangilio haubadiliki, msamiati unaanza, yanafuata ya kuelewa kifungu, halafu inakuja sarufi, mwishoni viunganishi na yale ya kutumia dondoo. Sarufi haihitaji muda kama ukishajua kanuni, kwa hiyo jaribu kuanzia hapo, kisha urudi kwenye vifungu vigumu, uone kama inakufaa.

Kwenye vifungu soma swali kwanza, halafu kifungu, halafu kabla hujaangalia majibu jiambie mwenyewe jibu kwa maneno yako. Majibu ya uongo yameandikwa vizuri sana, mengine ni kweli duniani lakini kifungu hakijasema hivyo, mengine yanasema "wote" au "kamwe" wakati mwandishi alisema "baadhi". Kama huwezi kuweka kidole kwenye mstari unaolibeba, liache.

Swali: Mimi ni mzazi. Nimeambiwa bila tuisheni ya gharama kubwa mwanangu hawezi kufika mbali. Ni kweli?

Jibu: Si kweli mama, usikope kwa ajili hiyo. Vifaa vya uhakika vyote nilivyotaja hapo juu ni bure. Mwalimu wa kulipa anasaidia pale mtoto amekaa na makosa yake na bado kuna mada haimwingii, na hapo mtafute kwa mada hiyo tu. Ukikutana na anayekuahidi alama fulani kabla hata hajaona pepa la mtoto, achana naye.

Kabla ya kutoa hela yoyote kaeni wawili mwandike vyuo anavyoomba, muingie tovuti ya kila kimoja. Vingine haviitaki SAT, vingine vimerudisha sharti la kuleta alama za mtihani kama SAT, MIT walitangaza 2022, Yale na Dartmouth wakafuata 2024. Na angalieni kama chuo kinachukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka mitihani tofauti, kama ndivyo basi mtoto aliyepata hesabu nzuri mara ya kwanza, safari ya pili nguvu zake nyingi anaziweka kwenye kusoma na kuandika.