Deni la Herakles lilihamia kwa Meg

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: je, ni sawa watengenezaji wa katuni kulainisha hadithi za kale zenye damu ili watoto waweze kuzitazama? Jibu langu ni ndiyo, walainishe. Lakini kuna kiungo kimoja, yaani deni ambalo shujaa anamlipa mtu, wakikikata, hadithi inabaki jina tu. Nitaeleza kwa mfano wa Hercules ya Disney, filamu ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Ron Clements na John Musker, pamoja na vilivyofuata. Wapwa zangu wameitazama hadi maneno ya Hades, mungu wa kuzimu, wanayasema kabla yake.

Kilicholainishwa si kidogo. Herakles wa Wagiriki, ndiye Hercules wa Disney, ni mtoto wa nje. Zeus, mfalme wa miungu, alijigeuza sura ya Amphitryon, akalala na Alcmene, mke wa Amphitryon. Hera, mke halali wa Zeus, chuki yake yote akaimalizia kwa mtoto. Angali kichanga, akamtumia nyoka wawili kitandani. Alipokua, akaoa na kupata watoto, Hera akamtia wazimu, akawaua wanawe kwa mikono yake mwenyewe. Hayo nani atamwonyesha mtoto wa miaka sita? Disney wakamgeuza Hera kuwa mama mzazi mwenye upendo, na fitina zake zote akatwishwa Hades. Nyoka wamebaki, ila sasa ni vibaraka wawili wa Hades, Pain na Panic, waliojigeuza. Kichanga anawapiga fundo na kuwarusha mbali. Hapo sina ugomvi na mtu.

Wala nisiambiwe kwamba wameharibu hadithi ya asili, maana haijawahi kuwa moja. Kwa Apollodorus, mwandishi wa kale aliyekusanya hadithi za Wagiriki, mauaji yanatangulia, kazi ngumu zinafuata kama malipo ya dhambi ile, na Megara, mama wa watoto, anabaki hai na baadaye anaozwa kwa Iolaus, mpwa wa Herakles. Kwa Euripides, aliyeandika tamthilia yake karne ya 5 kabla ya Kristo, mambo ni kinyume: Herakles anarudi nyumbani kazi zimekwisha, ndipo wazimu unampanda, na Megara anauawa pamoja na wanawe. Magazeti ya Ugiriki yaliilaumu filamu ilipotoka, na uchungu wao naufahamu, lakini waliotangulia kuipangua hadithi hii ni babu zao.

Sasa angalieni kitu ambacho waandishi wote wawili hawakukiacha. Kazi zile zina mdai. Kwa Apollodorus, Herakles anamtumikia mfalme Eurystheus ili atakasike. Kwa Euripides anazifanya ili baba yake mlezi Amphitryon aruhusiwe kurudi kwao Argos. Na Eurystheus ni mdai asiyeridhika: kazi zilikuwa kumi, akakataa kuhesabu mbili. Nyoka Hydra hakuhesabiwa kwa sababu Iolaus alisaidia kuchoma shingo kwa moto ili vichwa visiote tena. Mazizi ya Augeas hayakuhesabiwa kwa sababu Herakles alidai ujira. Ndiyo maana zikafika kumi na mbili.

Katika filamu Eurystheus hayupo, Iolaus hayupo, na kazi kadhaa zimesukumwa ndani ya wimbo mmoja wa haraka. (Baadaye Hercules anajifunika ngozi ya simba akichorwa kwenye mtungi, itazameni vizuri, ni Scar, yule simba mwovu wa The Lion King.) Hydra amepewa nafasi yake, na ni tukio zuri, limechorwa kwa msaada wa kompyuta: kila kichwa kikikatwa vinaota vingine, hadi kijana anaupiga mwamba kwa ngumi na jabali zima linamporomokea mnyama. Ameshinda peke yake. Watu wanashangilia. Lakini alikuwa anamlipa nani? Hakuna. Anatafuta kuwa shujaa wa kweli ili arudi Olympus, makao ya miungu.

Kwa haki, filamu yenyewe inajua kwamba hiyo haitoshi. Umaarufu unamletea ndala zenye jina lake, vinywaji, vinyago na duka zima, yaani Disney wanajicheka wenyewe mchana kweupe. Kisha Zeus anamwambia mwanawe kwamba kuwa maarufu siyo kuwa shujaa.

Na deni? Lipo. Limehamia kwa Meg, ndiye Megara wa filamu, mwanamke ambaye Hercules anampenda. Aliiuza roho yake kwa Hades ili kumwokoa mwanamume aliyempenda, mwanamume akaenda kwa mwanamke mwingine, naye akabaki mtumwa. Kila anachomfanyia Hercules mwanzoni ni kazi ya kulipia roho ile, kwa bosi anayebadilisha masharti anavyotaka. Huyo ndiye Eurystheus! Kwa hiyo mtu mzima akikaa na watoto kutazama, macho yanamfuata Meg, siyo yule kijana mwenye misuli. Filamu inasimama vizuri pale tu Hercules anapoingia kwenye deni hilo: anajitosa katika mto wa wafu kumtoa Meg, anaanza kuzeeka na kunyauka, na uzi wa maisha yake unakataa kukatika kwa kuwa amekuwa mungu. Kwa Wagiriki pia alifikia uungu kwa njia ya mauti, juu ya rundo la kuni zilizowashwa moto mlimani Oeta.

Nina lawama moja ndogo kuhusu Hades. Wagiriki hawakumwona kama Ibilisi; alipata kuzimu kwa kura tu, alipogawana ulimwengu na nduguze Zeus na Poseidon. Hapa amekuwa dalali wa viwanja mwenye nywele za moto, na sauti ya James Woods imemkaa sawasawa, ila mtoto anaondoka akidhani anayetunza wafu lazima awe mwovu.

Mfululizo wa televisheni wa 1998 na 1999, vipindi 65, unamrudisha Hercules shuleni pamoja na vijana wengine wa hadithi za Wagiriki, Icarus na Cassandra. Cassandra ana laana yake ileile, anatabiri kweli na hakuna anayemsikiliza, na kwa binti wa shule laana hiyo inachekesha na kuuma. Mengine ni vituko tu. Hakuna anayedaiwa chochote, na Hades anapambana na kijana ambaye katika filamu alidhani alishakufa utotoni. Kanda ya 1999, Zero to Hero, ni vipindi hivyo vilivyoshonwa pamoja, msihangaike nayo.

Mzazi aanze na ile ya 1997. Mtoto akiuliza Meg anadaiwaje na Hades, simamisha picha umjibu palepale. Habari ya watoto wa Megara waliouawa isubiri hadi afike sekondari.